Kupasha nyumba joto kwa makaa ya mawe wakati wa machipuko: laza moto, usiukabe pumzi

Jiko la makaa ya mawe halimsumbui mtu wakati wa baridi kali. Unalijaza asubuhi, unalijaza jioni, nalo linafanya kazi yake usiku kucha. Taabu huja majira ya machipuko, pale alfajiri inapokuwa nyuzi 2 za Selsiasi na saa nane mchana zimefika 16. Usiku unautaka moto, mchana unavua sweta. Ndipo watu hufunga vilango vyote vya hewa ili moto upungue, na hapo ndipo hatari inapoingia nyumbani.

Nimekaa na jiko la aina hii misimu mingi, na ningeruhusiwa kusema neno moja tu ningesema hili: moto wa makaa ya mawe hupunguzwa kwa majivu, haupunguzwi kwa kuunyima hewa. Yote yanayofuata yametokana na neno hilo.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewane kuhusu makaa. Hapa nazungumzia makaa ya mawe, yale yanayochimbwa ardhini, yakichomwa ndani ya jiko la chuma lenye milango inayofunga vizuri na dohani inayotoka hadi juu ya paa. Makaa ya miti kwenye seredani au jiko la wazi ni habari nyingine kabisa. Usiyaingize chumbani kuota moto, hata kwa muda mfupi, hata dirisha likiwa wazi. Yameua familia nzima usingizini.

Wala sitaficha hili: Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2014, linashauri makaa ya mawe ghafi yasitumike kabisa kama nishati ya nyumbani, na moshi wake ndani ya nyumba umeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Ziko pia sehemu ambako sheria inakataza kuyachoma majumbani, kwa hiyo ulizia kwanza. Mwenye njia nyingine aitumie. Mwongozo huu ni wa yule ambaye jiko hilo ndilo alilo nalo, na usiku wa leo una baridi.

Kwa nini machipuko ni magumu

Moshi hupanda kwenye dohani kwa sababu ni mwepesi kuliko hewa ya nje, na wepesi huo unatokana na tofauti ya joto. Chukua dohani ya mita 6. Moshi ndani yake una wastani wa nyuzi 120, na nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwa hesabu, mvuto wa dohani hiyo, yaani nguvu yake ya kuvuta moshi juu, ni kama paskali 26 (paskali ni kipimo cha msukumo wa hewa). Sasa njoo machipuko: nje ni nyuzi 15, nawe umeupunguza moto mpaka moshi una nyuzi 60 tu. Mvuto unabaki kama paskali 10. Zaidi ya nusu imepotea, na dohani haijaharibika popote. Ukiondoa kinachopotea kwenye kona za bomba na masizi yaliyoganda ndani, unakaribia pale ambapo jiko haliwezi tena kupumua.

Kuni huvumilia hali hiyo. Hufifia, kisha ukizifungulia hewa huwaka tena. Makaa ya mawe hayana uvumilivu huo. Hewa lazima ipite chini ya wavu, yaani vyuma vinavyobeba makaa, ipande katikati ya makaa yote, itokee juu, bila kukatika. Ikikatika, tumbo la moto hupoa na hutaliamsha tena kwa urahisi. Na wakati linapopoa, gesi ya kaboni monoksaidi huendelea kutoka bila kuungua, huku dohani haina nguvu ya kuivuta nje.

Hatua ya 1: Ving'ora kwanza, moto baadaye

Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, haikereketi koo. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na ndiyo maana kiasi kidogo tu kinatosha kumdhuru mtu. Hakuna pua inayoweza kukulinda. Weka king'ora cha kaboni monoksaidi kila ghorofa, na kimoja karibu na vyumba vya kulala. Bonyeza kitufe cha majaribio mwanzoni mwa majira haya, na soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma yake, maana ving'ora hivi huchakaa hata kama betri ni mpya.

Wafundishe wote nyumbani dalili zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu usioeleweka. Hufanana na mafua yasiyo na homa. Watu wawili wakiumwa kichwa kwa pamoja ndani ya nyumba yenye jiko linalowaka, msijadiliane. Tokeni nje nyote, kisha piga simu ya dharura mkiwa nje.

Machipuko ya kwanza niliyokaa na jiko langu, nilifunga kilango cha chini usiku mmoja kwa sababu chumba kilikuwa na joto mno. King'ora kililia saa tisa usiku. Tulitoka na mablanketi, watoto wakiwa nusu usingizini, tukasimama nje mpaka baridi ikatuingia. Tangu siku hiyo sijawahi kukifunga kabisa kilango cha chini moto ukiwa hai.

Hatua ya 2: Amua kama moto unahitajika kweli

Jiko la makaa ya mawe lina kiwango cha chini ambacho likishuka hapo hufa. Tuseme jiko lako linahitaji kilo 10 kwa siku ili libaki hai. Anthrasaiti nzuri, ile aina ngumu ya makaa ya mawe, hutoa takriban megajuli 30 za nishati kwa kilo. Jiko likileta asilimia 70 ya joto hilo chumbani, ni sawa na hita ya umeme ya wati 2,400 isiyozimwa mchana wala usiku. Huo ndio moto mdogo! Nyumba iliyozibwa vizuri itakuwa tanuri mchana.

Kwa hiyo tazama utabiri wa siku tano, usitazame baridi ya asubuhi moja. Kipimo changu ni hiki: mchana ukibaki chini ya nyuzi 10, washa na uache uwake. Mchana ukiwa kati ya 10 na 15, jiko linaweza kuendeshwa, ila kwa uangalifu nitakaoueleza. Mchana ukizidi 15 siku nyingi mfululizo, achana nalo, tumia hita ndogo ya umeme jioni, au moto mfupi wa kuni kama mtengenezaji wa jiko anaruhusu kuni ndani yake. Usiwe mtu wa kuwasha na kuzima makaa ya mawe kila siku. Kila uwashaji una muda mrefu wa moshi na dohani baridi, na huo ndio muda mbaya kuliko wote.

Hatua ya 3: Chagua makaa yanayofaa

Anthrasaiti ni ngumu, inang'aa, haichafui sana mikono, na huwaka kwa mwali mfupi wa buluu na moshi kidogo mno. Ni ngumu kuwasha, lakini ikishika hukaa muda mrefu. Kwa machipuko ndiyo ninayoipendekeza. Makaa ya bituminasi ni laini zaidi, hushika upesi, ila yana gesi nyingi na masizi mengi, na huhitaji hewa ya juu ya moto pamoja na ya chini. Lignaiti ina maji mengi na joto dogo. Soma kitabu cha jiko lako uone limetengenezewa makaa gani, na ufuate hicho. Jiko la kuni lisilo na wavu na mlango wa majivu halifai kwa makaa ya mawe, hata kidogo.

Ukubwa wa vipande nao una kazi yake. Vipande vidogo hushikana karibu karibu na kupunguza kasi ya hewa, kwa hiyo moto huwaka polepole. Siku za joto joto, tandaza vipande vya kawaida chini na vidogo kidogo juu. Vumbi usilitumie, huziba kabisa.

Hatua ya 4: Amsha dohani, kisha washa

Dohani iliyolala siku chache huwa imejaa hewa baridi na nzito. Mchana wa machipuko nje kunaweza kuwa na joto kuliko ndani ya dohani, hasa iliyojengwa ukuta wa nje, na hewa ikawa inashuka badala ya kupanda. Washa kiberiti, uzime, kisha sogeza moshi wake kwenye mlango wa jiko. Ukivutwa ndani, endelea. Ukirudi usoni, choma karatasi moja au mbili zilizokunjwa, juu kabisa ndani ya jiko karibu na mdomo wa bomba, mpaka usikie mvumo. Zima feni za jikoni na bafuni, maana zinavuta hewa ileile ambayo dohani inaihitaji, na ufungue dirisha la karibu kidogo.

Washa jioni, si mchana. Hewa ya nje ikiwa inapoa, dohani inasaidiwa.

Sasa kuni. Tumia vipande vyembamba vilivyokauka, viwake dakika 15 hadi 20 mpaka uwe na kitanda cha makaa mekundu kilichofunika wavu wote. Fungua hewa ya chini yote. Mwaga tabaka jembamba la makaa ya mawe, kama sentimita 3 au 5, uache mahali fulani pakionekana pekundu. Subiri. Utasikia yakialika, kisha vimiali vya buluu vitachungulia. Ongeza tabaka la pili, subiri tena, la tatu, mpaka ufike ukingo wa juu wa matofali ya ndani. Kazi hii huchukua saa nzima au zaidi, na kuharakisha ni kuuzima.

Watu wengi huniuliza: mbona nijaze mpaka juu wakati nataka moto mdogo? Kwa sababu tabaka jembamba la makaa ya mawe halijitoshelezi kwa joto. Kina kikiwa chini ya sentimita 10 hivi, vipande hupoa kimoja baada ya kingine. Moto mdogo wa makaa ya mawe ni moto wenye kina kilekile, unaowaka polepole.

Hatua ya 5: Laza moto kwa majivu

Hapa ndipo penye ufundi.

Wakati wa baridi kali unatikisa wavu mpaka makaa mekundu yaanze kudondoka kwenye trei na mwanga uonekane chini kote. Machipuko, tikisa kidogo tu: mitikisiko mifupi minne au mitano, uishie pale unapoona mwanga wa kwanza. Majivu yanayobaki katikati ya makaa ni kama blanketi. Yanapunguza njia za hewa bila kuzifunga, kwa hiyo moto unakula polepole huku hewa ikiendelea kupita sehemu zote. Kilango cha chini nacho unakipunguza kidogo kidogo, robo kwa robo, ukisubiri nusu saa kila mara kabla ya kukigusa tena. Moto huu hujibu taratibu sana, na mtu asiye na subira huishia kuyumba kati ya moto mkali na jiko lililokufa.

Ukiona bado chumba kina joto, acha majivu zaidi upande wa nyuma wa wavu na utikise upande wa mbele peke yake, kama wavu wako unaruhusu. Kitanda cha moto kinakuwa kidogo kwa eneo lakini kinabaki na kina chake. Wengine huweka tofali la kuhimili moto pembeni kabla ya kuwasha kwa ajili hiyohiyo.

Utajuaje umezidisha majivu? Chungulia chini ya wavu. Ukiona mwanga hafifu uliotawanyika, uko sawa. Giza tupu maana yake hewa haipiti. Hapo fungua mlango wa majivu dakika tatu au nne ukiwa umesimama hapohapo, tikisa kwa upole, na chokoa kwa chini kwa fimbo ya chuma yenye ncha iliyopinda. Usiichokoe anthrasaiti kutoka juu. Ukiivuruga kutoka juu, majivu yanachanganyika na makaa hai, njia za hewa zinazibika, na moto unakufia mikononi. Bituminasi ni tofauti: tabaka lake la juu hugandamana kama ukoko, na hilo huhitaji kuvunjwa taratibu.

Kuna kitu kimoja kinachofanana na udhibiti lakini si udhibiti, nacho ni kufunga bati la ndani ya bomba la moshi. Kuni zimewazoeza watu kufanya hivyo. Kwa makaa ya mawe, tena katika hali ya hewa ya mvuto dhaifu, unakuwa umeifungia gesi njia ya kutokea. Liache wazi. Dohani yako ikivuta kupita kiasi siku za upepo, kinachofaa ni kilango cha kujifungua chenyewe kinachoingiza hewa ya chumbani kwenye bomba, kiwekwe na fundi anayejua kupima mvuto kwa kipimo.

Hatua ya 6: Kujaza bila mlipuko

Makaa mapya yakifunika moto wote kwa mara moja, gesi inayotoka hukusanyika juu yake bila mwali wa kuichoma. Mwali ukitokea baadaye, gesi yote huwaka kwa mpigo. Mlango hutikisika, majivu huruka chumbani, na bomba lisilofungwa kwa skrubu linaweza kuchomoka.

Kwa hiyo kila unapojaza, asubuhi na jioni: fungua kwanza hewa ya chini dakika tano moto uchangamke. Fungua mlango wa kupakilia upenyo mdogo, subiri kidogo gesi iondoke, ndipo ufungue wote. Jaza upande mmoja au nyuma, uache pembe moja nyekundu wazi. Ikiwa kuna vilango vya hewa ya juu, viache wazi kidogo. Usiondoke mpaka uone vimiali vya buluu vikicheza juu ya makaa mapya; hiyo ndiyo gesi ikiungua inavyotakiwa. Halafu rudisha kilango cha chini pale kilipokuwa, kisha tikisa. Wapo wanaotikisa kabla ya kujaza. Moto ukiwa dhaifu mimi hujaza kwanza kidogo, nikasubiri ushike, ndipo nikatikisa, kwa sababu kutikisa moto uliochoka ni kuumaliza.

Mlango wa majivu usiachwe wazi ukaondoka. Dakika chache za kusahau zinatosha kuufanya wavu uwe mwekundu, upinde, na majivu yayeyuke yawe mawe magumu yanayoziba kila kitu.

Hatua ya 7: Mchana ukipata joto

Fungua dirisha. Najua inauma kutoa nje joto ulilolinunua, lakini dirisha lililofunguliwa ni salama kuliko jiko lililokabwa. Fungua la ghorofa ya chini, chumba kilekile chenye jiko. Madirisha ya juu yakiwa wazi peke yake, nyumba yenyewe hugeuka dohani na kushindana na ile ya kweli.

Angalia kipimajoto cha bomba kabla ya adhuhuri. Jifunze namba ambayo jiko lako huwa nayo likiwa limelala salama, uiandike kwenye karatasi ukutani. Ikishuka chini ya hapo, fungua hewa kidogo bila kujali chumba kina joto gani.

Upepo wa machipuko unaobadilika badilika nao unaweza kusukuma moshi chini. Kofia nzuri juu ya dohani husaidia. Harufu ya salfa chumbani, ile ya kiberiti kilichozimwa, ni ishara kwamba moshi unarudi: fungua madirisha, chunguza bomba na kamba ya kuzibia mlango. Lakini usingoje harufu, kwa sababu kaboni monoksaidi huja pia bila hiyo.

Majivu

Toa trei kabla majivu hayajaufikia wavu. Wavu hupozwa na hewa inayopita chini yake, na majivu yakiugusa, chuma huungua. Yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, uitoe nje siku hiyohiyo, juu ya mawe au zege, mbali na ukuta wa mbao. Kaa hai linaweza kujificha humo siku kadhaa, na linatoa gesi ileile. Usiyamwage kwenye bustani ya mboga kama unavyofanya majivu ya kuni. Ya makaa ya mawe yana metali nzito.

Hatua ya mwisho: Kuzima na kusafisha

Siku utakapoamua basi, acha moto ujimalize wenyewe ukiwa na hewa ya kutosha. Usimwagie maji, chuma cha moto hupasuka. Ngoja siku mbili.

Kisha safisha palepale, usingoje majira ya baridi yarudi. Majivu mepesi yaliyobaki kwenye bomba yana salfa, na unyevu wa hewa ukiyaingia hutengeneza asidi inayotoboa bati. Bomba lililovumilia moto miezi mingi linaweza kuoza kwa kulala tu. Litenganishe, ligonge, lipige brashi, hasa kwenye kona, ambako majivu hujaa mpaka robo tatu ya njia bila wewe kujua. Safisha dohani yenyewe, au muite msafishaji. Ondoa majivu yote ndani ya jiko, pangusa chuma kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kausha vizuri, paka mafuta mepesi. Kagua matofali na kamba za milango. Yaliyopasuka badilisha sasa, fundi akiwa hana foleni.

Bomba likiwa limetolewa, ziba mdomo wa dohani ndani ya nyumba hewa yenye unyevu isishuke. Na kwenye mpini wa mlango wa jiko funga karatasi yenye maandishi makubwa, ambayo yeyote atakayeshikwa na baridi usiku mmoja wa ghafla lazima aione kabla hajawasha kiberiti: DOHANI IMEZIBWA.